Je, Uaskari ni Kazi kama Kazi Nyingine?

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wazee, walimu na vijana huko Masieda, Wilaya ya Mbulu.)

 Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema mbele yenu, kwa kuwa desturi ya nchi hii si mdogo kufungua kinywa kwanza mkutanoni. Mzee ndiye aanzaye, kwa slufay, akiomba mvua na amani na uzima wa watoto, na watu wote humwitikia. Hayo yamekwisha kufanyika leo kama yapasavyo. Basi sisi hatuna baraka ya kuongeza. Tumekuja na kosa letu la kuungama, na jibu ambalo tumelichelewesha.

Kosa lenyewe ni hili. Siku moja, kabla ya mvua za mwaka uliopita, alikuja ofisini mzee mmoja pamoja na mwanawe. Kijana alikuwa na karatasi zake za kuomba kuingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea, naye alitaka barua ya kumtambulisha. Mzee aliweka fimbo yake juu ya meza yetu, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Karani, mwanangu, wewe umesoma kwa mapadre na umesoma kwa Serikali. Baba yangu mimi alichukuliwa kwenda vitani, akafika Burma. Aliporudi alikaa nasi miaka mingi, lakini habari za huko hakutusimulia hata siku moja, na usiku alikuwa akiamka akitafuta bunduki ambayo haiko. Sasa huyu ataka kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Niambie, je, ni halali mtu kujiuza hivyo?"

Nasi tulikuwa na watu wengi mlangoni wakingoja, na saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Tukamjibu kwa haraka, "Mzee, uaskari ni kazi kama kazi nyingine. Mwache kijana apate mshahara."

Mzee akachukua fimbo yake akatoka. Kijana naye akatoka nyuma yake, hata karatasi akazisahau mezani. Zikabaki kwetu. Kila tulipofungua sanduku la meza tuliziona, na kila tulipoziona tulijua kwamba tumemjibu mzee yule kama mtu amtupiaye mgeni mfupa ili aondoke mlangoni. Maana si kweli kwamba uaskari ni kazi kama kazi nyingine. Mkulima akichoka huweka jembe chini. Mwalimu akionewa huandika barua ya kuacha kazi. Lakini mtu akiisha kula kiapo cha askari ametoa vitu viwili ambavyo hakuna tajiri mwingine awezaye kumtaka: ametoa uhai wake utumike, na ametoa mkono wake uamriwe kutoa uhai wa mwingine. Mambo hayo mawili hayapimwi kwa mshahara peke yake. Basi leo twataka kulijibu swali la mzee kama lilivyostahili kujibiwa siku ile.

Na tuanze na habari za zamani, kwa kuwa mzee alianza huko.

Katika vita vya mwaka wa 1914 hadi 1918, babu zetu hawakuulizwa kama wapenda au hawapendi. Mdachi alikuwa na boma lake Mbulu, na Mwingereza alitoka upande wa Kenya. Mwezi wa Aprili, mwaka wa 1916, majeshi ya Jenerali Van Deventer yalishika Lolkisale, yakapita Ufiome, yakaingia Kondoa Irangi, wakati wa masika makubwa, farasi wakifa njiani na chakula kikiwa hakiwezi kufika. Farasi akifa, mzigo hauna budi kubebwa na mtu. Kwa hiyo kila upande ulitafuta wapagazi, na watu walikamatwa sokoni, shambani, na hata usingizini. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa upande wao walipita 40,000, nao wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Mwenda Dar es Salaam leo husema, "Nakwenda Kariakoo," wala hafikiri kwamba jina hilo latokana na jeshi la wapagazi waliowekwa kambi mahali pale.

Wakati huo huo, katika nchi ya Nyasa, alikuwako mchungaji mmoja Mwafrika, jina lake John Chilembwe. Mwisho wa mwaka wa 1914 aliandika barua gazetini akiuliza kwa nini Mwafrika aitwe kufa katika ugomvi usio wake, hali katika siku za amani hana sehemu katika heshima ya nchi. Wakubwa walilizuia gazeti lile. Mwezi wa Januari, mwaka wa 1915, Chilembwe aliinua watu kwa silaha, damu ikamwagika, naye akapigwa risasi akafa mwezi wa Februari. Hatusemi kwamba tendo lake la mwisho lilikuwa jema. Katika uasi ule waliuawa watu nyumbani mwao. Lakini swali lake la kwanza lilikuwa swali la haki, na aliyelizuia hakulijibu. Twaona hapa somo la kwanza: mtu anayeitwa vitani ana haki ya kuuliza, "Ni kwa ajili ya nani?" Na mwenye kuita ana wajibu wa kujibu.

Katika vita vya pili, vya mwaka wa 1939 hadi 1945, mambo yalichanganyika. Walikuwako waliokwenda kwa hiari, na waliochukuliwa kwa amri, na wengi waliokuwa katikati, yaani waliokwenda kwa sababu kodi ilikuwa imewabana, au kwa kuona haya mbele ya wenzao, au kwa kutaka kuona dunia. Kutoka Tanganyika peke yake walikwenda watu zaidi ya 80,000. Walipigana na Mtaliano katika nchi ya Habeshi mwaka wa 1941, walivuka hata Madagaska mwaka wa 1942, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma, ikashuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikapigana na Mjapani hadi mto Chindwin. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa imechukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na watu wengine, ilipigwa na Mjapani katika Bahari ya Hindi, ikazama kwa dakika chache. Katika watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, karibu 1,300 walikufa.

Waliorudi walirudi na nini? Wengine walirudi na ufundi: kuendesha motokaa, kupeleka habari kwa simu, kutibu majeraha, kusoma na kuandika. Hayo ni mema, wala tusiyakane. Lakini walirudi pia kwa kipimo kisicho sawa. Mwaka wa 2019, wakati ambapo wazee wale walikuwa wamebaki wachache sana, ilitangazwa hadharani, kutokana na karatasi za zamani, kwamba katika malipo ya mwisho wa vita askari Mwafrika alipewa theluthi moja tu ya kile alichopewa mzungu wa cheo kilekile aliyekuwa akikaa katika makoloni haya haya. Basi tazameni: mtu alitoa kitu kisicho na bei, akalipwa kwa bei ya rangi yake, na wengi wao walikufa bila kujua. Nasi twaona somo la pili: asiyeisoma hati anayoitia dole gumba atasomewa na wajukuu.

Ikiwa habari zingeishia hapo, jibu la mzee lingekuwa jepesi. Tungemwambia, "Mzuie mwanao, vita ni vya wakubwa." Lakini habari haziishii hapo.

Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, jeshi tulilorithi lilikuwa lilelile la King's African Rifles, limebadilishwa jina tu, na maofisa wengi bado walikuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakataka mshahara zaidi na maofisa Waafrika. Serikali yetu ililazimika kuwaita askari wa Mwingereza waje kuwanyang'anya silaha askari wetu wenyewe, na kazi hiyo ilifanyika tarehe 25 Januari. Ilikuwa aibu kubwa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Kambi ya Colito, iliyochukua jina la mahali pa vita huko Habeshi, ikaja kuitwa Lugalo, kwa kukumbuka mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wadachi mwaka wa 1891. Jina kubadilika si jambo kubwa lenyewe, lakini laonyesha kwamba swali la Chilembwe lilianza kupata jibu: sasa yule aitaye ni nchi yako, na nchi hiyo yaweza kuulizwa.

Kisha yalikuja mambo ya Kagera. Mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua watu, yakaiba ng'ombe, yakabomoa daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Vijana na mgambo waliitwa kutoka kila mkoa. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikachukuliwa, na mwezi wa Juni vita vikaisha mpakani mwa Sudani. Makaburi ya askari wetu yako Kaboya, katika Mkoa wa Kagera, na kila jina lililoandikwa pale ni mtoto wa mtu.

Sasa tumwulize mzee wetu, kwa heshima: siku ile watu wa Kagera walipokuwa wakikimbia na watoto mgongoni, kama kila baba wa Mbulu, na wa Singida, na wa Songea, angalisema, "Si mwanangu mimi," ni mwana wa nani angalikwenda? Kukataa nako kuna bei. Bei ya kukataa mara nyingi hailipwi na aliyekataa, bali hulipwa na jirani asiyekuwa na pa kukimbilia. Hili ni neno zito, nasi hatukumwambia mzee siku ile, kwa kuwa tulikuwa na haraka ya kula.

Hata hivyo haitupasi kuimba ushindi tukasahau gharama. Vita vile viliichosha nchi. Miaka iliyofuata watu walipanga foleni kutafuta sukari, sabuni na nguo, na wengi wa waliomo humu wakumbuka. Vita vya haki navyo ni moto. Hupika, tena huunguza.

Pengine mtu atasema, "Mimi ni Mkristo," au "Mimi nafuata dini yangu, na dini yakataza kuua." Neno hili lisichekwe. Katika mwaka wa 295 kijana mmoja wa Afrika ya Kaskazini, jina lake Maximilian, aliitwa kuandikwa katika jeshi la Rumi, akakataa kwa ajili ya imani yake, akauawa. Kanisa lamhesabu kuwa mtakatifu. Lakini kanisa hilohilo husoma pia jinsi Yohana Mbatizaji alivyoulizwa na askari wafanye nini, naye hakuwaambia waache uaskari. Aliwaonya wasimwonee mtu, wasimsingizie, wakatosheke na mshahara wao. Basi njia zote mbili zimekuwako tangu zamani, na wenye imani wamepita kotekote. Kinachotafutwa ni ukweli wa moyo.

Na ukweli wa moyo hujulikana kwa kipimo kimoja: je, mtu yu tayari kulipa? Tarehe 28 Aprili 1967, huko Marekani, mpiganaji wa ngumi Muhammad Ali aliitwa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akakataa kwa ajili ya dini yake na dhamiri yake. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana, hali akiwa katika nguvu za ujana wake, mpaka Mahakama Kuu ya nchi yake ilipoifuta hukumu mwaka wa 1971. Hakujificha wala hakukimbilia nchi nyingine. Alisimama mbele ya watu akasema hapana, akangoja adhabu. Mtu wa namna hiyo, hata usipokubaliana naye, huwezi kumwita mwoga.

Hapa kwetu tulikuwa na jambo la namna nyingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine waliandamana kupinga amri ya kutumika katika Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kwa sababu ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kila mmoja na ahukumu kwa akili yake kama adhabu ilizidi. Sisi twaona neno moja tu: kukataa kwa dhamiri na kukataa kwa mfuko ni vitu viwili mbalimbali, na mkuu anayewataka wengine watoe, yampasa aanze kutoa yeye.

Sasa tuje nyumbani, Masieda.

Wazee wetu wa Kiiraqw hawakuwa watu wa kusifu vita. Walipobanwa na adui walipanda mlimani, wakaishi Irqwar Da'aw, huko Kainam, wakalima kila kipande cha mteremko, genge likawa boma lao. Mauti kwao si jambo jepesi: nyumba iliyoguswa na mauti ilikaa mbali na wengine mpaka siku zake zitimie. Walijua kwamba anayekutana na mauti harudi vilevile, na kwamba yahitajiwa muda na taratibu kabla hajala na wenzake. Twafikiri juu ya yule babu aliyerudi kutoka Burma. Serikali ilimpa nguo na nauli, ikamwachia njiani. Nani alimpa muda? Nani alikaa naye? Labda kimya chake hakikuwa cha kukosa maneno, bali cha kukosa mtu aliyekwisha kujitayarisha kusikia.

Vijana wa leo hawawezi kupanda mlima na kukaa. Mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena, hata ndugu wanne wagombea mtaro mmoja. Malisho yamepungua, nasi twapakana na Wadatoga na Wahadzabe ambao nao wahitaji nchi yao. Kijana akimaliza shule huona njia chache, na mojawapo yenye jina zuri ni jeshi. Hatumlaumu. Lakini na ajue anachoingia.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Kwa mujibu wa sheria, wanaomaliza kidato cha sita huitwa kutumika. Utaratibu huo ulisimama mwaka wa 1994 ukarudishwa mwaka wa 2013. Wengine huingia kwa kujitolea, na mafunzo na utumishi wao ni wa mkataba. Kijana hufundishwa nidhamu, kilimo, ufundi, na kutumia silaha. Lakini jeshi lenyewe limetangaza mara nyingi kwamba haliahidi ajira kwa kila aliyejitolea. Mwaka wa 2018 ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanaiti pale Mirerani, katika mkoa wetu huu huu wa Manyara, wenye urefu wa kilometa 24.5, ulifunguliwa, nao ulijengwa na majeshi, na vijana wa kujitolea wakiwamo. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini mwezi wa Aprili, mwaka wa 2021, vijana 854 wa jeshi hilo waliokuwa wakidai kuajiriwa waliondolewa kwa kosa la utovu wa nidhamu, wakarudishwa makwao. Basi aendaye kwa sababu ya ajira tu, aende akijua kwamba aweza kurudi na cheti bila ajira.

Na aajiriwaye katika Jeshi la Wananchi ajue pia kwamba vita havijaisha duniani. Mwaka wa 2013 askari wetu walikwenda mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa kuwalinda raia. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi yao ya Semuliki, karibu na Beni, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na wengi wakajeruhiwa. Hawakuwa wakilinda nyumba zao wenyewe, walikuwa wakilinda nyumba za watu wasiowajua kwa majina. Sisi twaona heshima kubwa katika jambo hilo. Lakini mama aliyepelekewa jeneza na bendera hawezi kuambiwa kwamba ilikuwa kazi kama kazi nyingine.

Basi haya ndiyo maneno yetu kwenu vijana. Kabla ya kuja kwetu kuomba barua, jiulizeni mambo matatu. La kwanza: nakwenda, au nakimbia? Anayemkimbia baba, au deni, au msichana aliyempa mimba, atalikuta jambo lake limemngoja mlangoni siku ya kurudi. La pili: je, nimekubali kufa na kuua kwa ajili ya nchi hii ikinituma, au nimekubali mavazi tu? La tatu, nalo ni gumu kupita yote: nikiamriwa tendo ovu, nitafanya nini? Mikataba ya Geneva ya mwaka wa 1949 yakataza kumwua mateka, kumtesa majeruhi na kumdhuru raia. Na katika hukumu za Nuremberg, mwaka wa 1946, wakubwa wa Ujerumani waliosema, "Niliamriwa," hawakuachiliwa kwa neno hilo. Kiapo hakiizimi dhamiri. Askari mwema ni yule ambaye adui asiye na silaha yu salama mbele yake.

Kwenu baba zetu na mama zetu: msimzuie kijana kwa laana, wala msimsukume kwa sababu ya mshahara atakaotuma. Laana yamfuata mtoto mahali asipokuwa na wa kumwondolea. Na anayesukumwa ataona kwamba aliuzwa na watu wake. Na kama aliyerudi kutoka jeshini yu kimya, kaeni naye. Msimlazimishe kusema, bali msimwache peke yake na kimya chake.

Kwenu walimu: msiwatishe wavivu kwa jeshi, mkisema, "Wewe hufai kitu, utakwenda jeshini." Nchi inayolindwa na wale iliowadharau imejijengea nyumba kwa mabua. Tena wafundisheni watoto kusoma hati mpaka mstari wa mwisho.

Kwenu wakubwa wa vijiji, nasi makarani pamoja: tusiifanye barua ya utambulisho kuwa jalala la kutupia vijana wasumbufu. Tusipunguze miaka ya mtu kwa kalamu ili apate nafasi. Uongo wa kwanza katika safari ya askari usiandikwe na mkono wetu. Wala tusipokee kitu. Wako wadanganyifu wanaozunguka wakidai fedha kwa kuahidi nafasi, na jeshi limekwisha kuonya juu yao. Mzee akiuza ng'ombe wawili kumlipa mtu wa namna hiyo, kijana hupoteza nafasi, na nyumba hupoteza maziwa.

Na kama yuko kijana ambaye dhamiri yake yamkataza kushika silaha, tusimdhihaki. Na aseme wazi, na alipe kwa utumishi mwingine ulio mgumu: hospitalini, shuleni, penye tauni, penye moto. Asiyetaka kuua kwa ajili ya jirani na aonyeshe kwamba yu tayari kuteseka kwa ajili yake.

Twamaliza kwa habari za mzee wetu. Baada ya mavuno tulizichukua karatasi zile tukaenda nyumbani kwake, kwa kuwa deni hulipwa mlangoni kwa mdai. Tulimwambia, "Mzee, siku ile tulikujibu vibaya. Si kazi kama kazi nyingine." Tukamweleza haya mliyoyasikia leo, ila kwa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mwanawe, akamwuliza mbele yetu, "Mwanangu, wakikuamuru jambo baya, utafanyaje?"

Kijana akatazama chini. Hakujibu.

Mzee hakumkasirikia. Alisema, "Vema. Hukunipa jibu la uongo. Nenda kafikiri. Siku utakapokuwa na jibu niambie, nami nitafuatana nawe mpaka kwa karani, na jina langu litaandikwa chini ya jina lako, ili ukienda usiende kama babu yako."

Karatasi zimo bado katika sanduku letu. Hatujui kama kijana atakuja, wala si kazi yetu kumharakisha. Siku hiyo wakija wawili, tutawaweka vitini, tutawasomea kila mstari, na saa ya chakula itangoja.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Aliye na neno bora na asimame aseme, maana jambo hili ni letu sote. Kwaherini.